Kiroboto na Mwalimu wa Zamu

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, na anasema vifungo alivyoshona kwenye shati langu vimedondoka tena, kwa hiyo ukija umfundishe. Wasichana wetu wamefungua shule. Yule mkubwa amenipita urefu na anaona hiyo ni sababu tosha ya kutoniamkia asubuhi. Macho ya mama yanaendeleaje? Mwambie dawa ya matone huwekwa machoni, haiwekwi kabatini.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Barua angalau humkatizi mtu katikati.

Lile gari jipya nililokuambia limeshanipanda kichwani. Eti ni mjukuu wa Kiroboto, kile kigari changu kilichoko bandani kwako: kiwanda kilekile, jina lilelile limebandikwa nyuma kwenye buti. Mjukuu gani huyu? Kiroboto ukimsukuma mlangoni kwa bega anasogea. Huyu ni mpana kama kabati, na hana ufunguo wa kuchomeka, ana kitufe. Nisipofunga mkanda analia. Nikifunga, analia kwa sababu mkoba wangu ulio kwenye kiti cha pili haukufunga wake. Nikigusa mstari wa barabara, usukani unanirudisha wenyewe kama mtoto aliyetoka kwenye foleni. Nimempa jina: Mwalimu wa Zamu.

Na bado sijakwambia la mngurumo. Nilipokanyaga mafuta mara ya kwanza nilifurahi, nikasema haya, angalau sauti ipo. Baadaye nikagundua sauti inatoka kwenye spika. Nikaenda kuuliza walioniuzia. Wakaniambia injini yenyewe iko kimya mno, kwa hiyo wamerekodi mngurumo ili mteja ajisikie vizuri. Wamerekodi! Ni sawa na mtu ambaye akichekeshwa anabonyeza kaseti icheke badala yake.

Sasa Kiroboto. Kila Jumamosi vuta choki nusu ili awake akiwa baridi, piga starti, usikanyage mafuta, mwache angurume mpaka feni ianze, kisha zima. Usimtoe bandani. Asiguswe na mtu, hata shemeji. Nakuja mwezi wa nne kumchukua.

Mimi mzima. Kazini wamenihamishia stoo, nagawa waya na taa kwa mafundi umeme wenzangu. Ni kazi ya kukaa tu.

Kaka yako

*

Tarehe 27 Februari

Kaka yangu,

Salamu zimefika, na sisi tunazirudisha zote. Shemeji yako yuko mezani anasahihisha mitihani, anapiga mikasi nyekundu huku anasonya. Mama amesikia habari ya dawa, akasema macho ni yake na kabati ni lake. Wanangu hawajambo, wanakula kama wamekodishwa.

Sasa nisikilize. Nimepata oda ya sare za shule. Nimeihangaikia oda hiyo tangu nilipoacha kiwanda na kuanza kushona nyumbani. Nina mafundi wawili wanaoshonea kwenye ushoroba, na mtu akitaka kwenda chooni lazima mmoja ainuke na cherehani yake. Meza ya kukatia iko sebuleni. Tukitaka kula, vitambaa vinaondoka. Nikitaka kukata, watu hawali. Na hatua chache tu kutoka hapo kuna banda kubwa kuliko chumba changu cha kulala, na humo analala Kiroboto. Peke yake. Kwa blanketi.

Namwasha kila Jumamosi kama ulivyoagiza. Jirani akiniona na ufunguo anaanza kufunga madirisha. Mama ameniuliza kama hilo gari linapiga kelele vile kwa sababu limekasirika. Nikamwambia hapana mama, aliyekasirika ni mimi.

Ulisema unakuja mwezi wa nne. Mwaka jana pia ulisema mwezi wa nne. Banda nalihitaji, kaka, na silihitaji kwa maringo.

Halafu kuna jambo silielewi. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema gari lisilo na klachi si gari, ni lifti. Watu wazima walikuwa wanakukimbia kwa hotuba hiyo. Leo umenunua la gia zinazojibadilisha zenyewe, halafu unakuja kunililia mimi. Nani alikushika mkono?

Mdogo wako

*

Tarehe 21 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, isipokuwa wifi yako aliyekuwa na mafua na sasa ameniachia mimi. Pole na msongamano. Wape mafundi wako salamu, na huyo anayeinuka na cherehani mwambie ana moyo.

Swali lako nimeliona. Wifi yako aliipenda rangi.

Jumapili hukutana sisi wenye vigari vya zamani, nyuma ya kituo cha mafuta. Nilikuwa nakwenda na picha ya Kiroboto kwenye simu, lakini juzi ilibidi niende na Mwalimu wa Zamu, na walinicheka mpaka muuza mafuta akaja kuangalia kuna nini. Kuna mmoja tunamwita Fundi Rangi, ana kigari cheupe chepesi, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Alinipa nikae tu kwenye kiti. Mdogo wangu, nilisikia harufu ya petroli na mpira wa zamani nikakataa kushuka. Kila kitu mle ndani kina kazi moja. Usukani unakata kona, gia inaingia, ukikosea unajua ni wewe. Likiharibika unalifungua kwa bisibisi na matusi machache. Langu likiharibika linatuma ujumbe.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia yule msichana mkubwa. Akanijibu, "Baba, hilo la kwenu halina mifuko ya hewa, breki zake ni za kumwomba Mungu, na hili jipya lingeliacha mbali hata bila wewe kujitahidi." Ni kweli. Ni jepesi kushika kona, lina nguvu mara mbili, halimwagi mafuta sakafuni. Ana haki mtoto, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nimepewa kitu bora na sikitaki.

Mwezi wa nne hautawezekana. Kuna kuhesabu mali hapa stoo. Tuseme mwezi wa saba. Nivumilie, na hiyo meza mwambie shemeji aisogeze sogeze.

Kaka yako

*

Tarehe 2 Mei

Kaka yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, sare zilitubana. Tumewahi, na mwalimu mkuu amezisifu, ameagiza na za michezo. Mama anaweka dawa siku hizi, ila anataka ashangiliwe. Shemeji yako anakusalimu.

Mwezi wa saba hakuna neno. Wala usiharakishe, kama kazi imekubana njoo hata baadaye.

Kiroboto mzima. Jambo moja nilitaka kuuliza, kwa kujua tu: ule waya unaoshuka kutoka kikanyagio cha kushoto, ukiwa umekatika nyuzi kadhaa, mtu huubadilishaje? Na mpya akiufunga, aukaze kiasi gani?

Mdogo wako

*

Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

Afadhali umeuliza swali la maana katika familia hii! Hatujambo wote.

Sikiliza vizuri. Huo ndio waya wa klachi, na usikubali fundi yeyote akuambie lazima ashushe giaboksi. Uongo. Fungua boneti, simama upande wa betri. Utaona kimkono kidogo juu ya giaboksi, waya umenasa hapo kwa nati mbili. Legeza ya nje kwanza. Kisha ingia ndani, lala chali chini ya usukani, kichwa kwenye kapeti na miguu nje, hakuna njia nyingine ya heshima. Utaona waya umening'inia kwenye ndoano nyuma ya kikanyagio. Uchomoe, uvute kutokea upande wa injini. Mpya upake grisi kabla ya kuupitisha. Kuukaza ndiko kwenye utamu wote: usiukaze mpaka mwisho. Kikanyagio kicheze upana wa kidole kabla hakijashika. Ukiukaza sana klachi itateleza mlimani, injini inapiga kelele na gari haliendi. Ukiulegeza sana gia ya kurudi nyuma itasaga meno. Klachi ya Kiroboto ilikuwa inashika juu kidogo, karibu na mwisho, na mtu asiyemjua anamzima kila taa nyekundu. Mimi nilikuwa namwachia polepole huku nikisikia anajiinua puani, hapo ndipo...

Basi, nisikuchoshe. Wasalimie wote.

Kaka yako

Nyongeza. Nilikwisha kubandika stempu, nimefungua bahasha tena. Waya wa klachi haukatiki nyuzi kwa gari kusimama bandani. Haukatiki kabisa. Unakatika kwa kukanyagwa, na kukanyagwa sana. Sasa nimeelewa kwa nini umeacha kulalamika juu ya banda. Nani anaendesha gari langu? Nijibu hilo kwanza, salamu za mama baadaye.

*

Tarehe 9 Juni

Kaka,

Hatujambo. Salamu naziweka mbele kwa makusudi, tulilelewa hivyo.

Mimi ndiye ninayeendesha gari lako.

Meza ya kukatia iko bandani tangu mwezi wa tatu. Kiroboto analala nje, ubavuni mwa nyumba. Nilimtoa siku ile ili nipime kama meza inaingia. Nilikuwa nimetoka kusoma barua yako ya "mwambie shemeji aisogeze", na nilikuwa na hasira ambazo sijui hata nizielezeje. Nikamrudisha nyuma mpaka getini. Nilipofika getini sikusimama.

Usiniambie sijui kuendesha. Nimeendesha pikapu ya kiwanda miaka nenda rudi, nikipeleka mashati madukani. Ila Kiroboto hukuwahi kunipa hata ufunguo nikushikie. Rafiki zako wote walimwendesha, hata yule aliyegonga ukuta wa posta. Mimi nilikuwa namwosha. Nilidhani mnajitia wazimu nyinyi, gari ni gari. Kaka, kumbe si kweli kwamba gari ni gari! Ule mlima wa kwenda shuleni nikaupanda kwa gia ya tatu, nikashusha ya pili kwenye kona, akaruka kama amechomwa sindano, na mimi mama wa watoto wakubwa nikapiga kelele peke yangu. Kwa nini raha yote hiyo ulijiwekea wewe? Nina hasira nawe kwa hilo kuliko la banda.

Sasa sare zote napeleka mwenyewe. Waya nimeubadilisha, nimelala chali kwenye kapeti kama ulivyosema. Kikanyagio kinacheza upana wa kidole.

Nimekujibu. Zamu yako.

Wiki iliyopita nilimpigia wifi kumuuliza vipimo vya magauni ya wasichana. Akadhani najua. Akasema, "Siku hizi anatembea vizuri, ila kile kifundo cha mguu hakitakunjika tena, madaktari wamekifunga vyuma." Nikamwuliza kifundo cha nani. Akalia.

Ulianguka kutoka kwenye ngazi mwaka juzi, kaka. Mwaka juzi! Mguu wa kushoto. Ukatuambia umehamishiwa stoo kama umepandishwa cheo. Ukaniambia wifi aliipenda rangi. Mama anauliza habari zako kila asubuhi na mimi namjibu "mzima", kumbe nadanganya bila kujua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi ulitaka tujue lini, siku ya kuumbuka? Kila mwezi wa nne nilikuwa nafagia uwanja nikikungoja.

Najua sasa kwa nini huji. Unajua ukifika utakaa kwenye kile kiti na mguu hautakanyaga.

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Julai

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako. Tuko wazima.

Sina la kusema juu ya mguu. Ni mguu wangu.

Nimezungumza na mtu katika kikundi chetu, tunamwita Mzee Kioo kwa sababu anakusanya magari ya zamani na kuyaweka nyuma ya kioo, kwenye ukumbi wenye taa. Hayaendeshi, anayafuta vumbi tu. Atakuja kumchukua Kiroboto wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, na lori la kubebea. Mpe ufunguo na karatasi za gari, ziko kwenye bahasha niliyokuachia. Huko hakuna atakayemkatia waya.

Usibishane nami. Gari ni langu bado.

Kaka yako

*

Tarehe 11 Agosti

Kaka,

Mama mzima. Nimemwambia habari ya mguu. Hakulia, alisema tu, "Ndiyo maana barua zake zilikuwa na magari mengi."

Mzee Kioo wako alikuja na lori. Mtu mstaarabu, amevaa glavu nyeupe. Aliuliza gari liko wapi. Nikamwambia halipo. Nilikuwa nimekaa ndani yake, injini inanguruma. Akasema, "Mama, linasikika vizuri." Nikamwambia najua. Akaondoka.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Unamcheka Mwalimu wa Zamu na mngurumo wake wa kurekodi, halafu unataka kumweka Kiroboto mahali ambapo hatanguruma kabisa. Unamkomoa nani? Kama huwezi kumwendesha basi asiendeshwe na yeyote, ndiyo hivyo? Sema hivyo kwa maneno yako, usimtume mtu wa glavu.

Ukitaka kumwuza njoo mwenyewe unyooshe mkono, nikupe ufunguo. Sitamkabidhi mtu mwingine. Na ukija, utakaa kiti cha abiria, kama mimi nilivyokaa.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Septemba

Mdogo wangu,

Tumerudi nyumbani salama kutoka huko kwenu. Wifi yako anashukuru kwa magauni, wasichana wameyagombania ingawa ulishona mawili. Yule mkubwa amemwandikia bibi yake barua, tena bila kulazimishwa. Mwambie mama nimevaa soksi alizonipa, na kwamba zinanibana, lakini nimezivaa.

Nilitaka kukwambia haya palepale uwanjani, ila nilikuwa na hasira bado, na hasira zangu unazijua hazitoki kwa mdomo.

Nilikuja nikiwa nimeamua kumwuza. Nilikuwa na maneno yote tayari. Kisha nikakuona umekaa kwenye usukani na viatu vyako vya kazini, uzi mweupe umeganda begani, na hukunikaribisha, ulisema tu, "Panda, nina sare za kupeleka." Nikapanda. Mguu wangu ule ilibidi niuingize kwa mikono miwili, na wewe ukageuka ukatazama dirishani mpaka nikamaliza. Asante kwa hilo.

Unamwendesha vibaya, nikuambie ukweli. Unachelewa kubadilisha, unapenda kelele. Lakini mlimani, kwenye ile kona, ulipokanyaga klachi mguu wangu nao ulikanyaga. Ulikuwa unasukuma kapeti. Kifundo hakikunjiki, lakini paja lilifanya kazi yote: ulikanyaga, nikakanyaga, uliachia, nikaachia. Gia zote tulibadilisha pamoja mpaka shuleni, na wewe hukujua. Au ulijua, maana ulirudi kwa njia ndefu.

Kwa hiyo sitamwuza. Wala sitamchukua. Karatasi nilizochukua huko ziandikwe jina lako, nimeshatia sahihi, zimo ndani ya bahasha hii. Banda libaki la meza. Kiroboto alale nje anyeshewe, ndivyo magari yanavyoishi. Usinishukuru, maana bado sijaridhika. Kila nikimfikiria naona ni mimi niliyekaa pale na si wewe, na sijui itanichukua muda gani. Ukisikia kuna kitu kinagonga chini upande wa kulia mbele, niandikie. Hata kama hakuna kinachogonga, niandikie.

Njiani kurudi, tulipopita ule mji wa pili, Mwalimu wa Zamu aliwasha kitaa cha njano kwenye skrini yake na maneno: dereva anaonekana amechoka, apumzike. Siku nyingine ningemtukana. Nilisimama pembeni, nikazima, nikalia. Wifi yako akaniuliza kama ni mguu. Nikamwambia ndiyo, ni mguu.

Kaka yako